Kwa Anayeandika Programu ya Kuweka Dau Mnadani kwa Mara ya Kwanza

Wengi wanaoingia katika kazi hii huuliza programu yao iweke dau la kiasi gani, ilhali swali la kutangulia ni mshindi atalipa nini. Mwaka 1961 mwanauchumi William Vickrey alionyesha kwamba katika mnada wa siri, yaani ambao hakuna anayeona dau la mwenzake, na ambao mshindi hulipa dau la pili kwa ukubwa, hakuna mbinu inayoizidi ile ya kutaja thamani halisi ya kitu kwako. Tuseme nafasi ya tangazo ina thamani ya shilingi 10 kwako na mpinzani wako mkubwa ametaja 6: utalipa 6 na kubaki na 4. Ukishusha dau hadi 7 hupati nafuu yoyote, na ukilishusha hadi 5 umeikosa faida kwa ubahili tu.

Badilisha kanuni ili mshindi alipe alichotaja mwenyewe, na programu ileile italipa 10 na kubaki bila faida, tena bila kutoa onyo, kwa sababu rekodi zitaonyesha kwamba inashinda. Mabadiliko ya namna hiyo yalitokea mwaka 2019, Google Ad Manager, mfumo wa Google wa kuuza nafasi za matangazo, ilipohamia bei ya kwanza, yaani mshindi kulipa dau lake mwenyewe, na wanunuzi wakalazimika kupunguza madau yao. Ikiwa kila mshindani anaijua thamani yake pekee, na thamani hizo zimetawanyika sawasawa kati ya sifuri na kikomo kimoja, hesabu inataka utaje sehemu (n−1)/n ya thamani yako, n ikiwa idadi ya washindani wote pamoja na wewe: nusu mkiwa wawili, asilimia 80 mkiwa watano.

Programu yangu ya kwanza niliiandikia 5 mahali pa n, nikaisahau. Usiku, tulipobaki wawili, iliendelea kutaja 8 kwa nafasi yenye thamani ya 10, pale ambapo 5 ingetosha, nami asubuhi nikawa naisifu kwa ushindi wake.

Panapowatatiza wageni zaidi ni pale kitu kinapokuwa na thamani moja kwa wote, lakini hakuna anayeijua kwa hakika. Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, walieleza kwamba katika minada ya vitalu vya mafuta mshindi huelekea kuwa yule aliyekadiria kupita kiasi kuliko wenzake. Hapo kuongezeka kwa washindani ni sababu ya kuyapunguza zaidi makadirio yako, wakati kanuni ya awali ilikutaka upandishe dau. Kwa hiyo tenganisha sehemu ya programu inayokadiria thamani na ile inayochagua dau, na ile ya kwanza ijiulize kitu hiki kingekuwa na thamani gani ikiwa wengine wote wamekikadiria chini yangu. Katika rekodi, kando ya safu ya ushindi, weka nyingine ya tofauti kati ya ulicholipa na dau lililokufuata, kila linapotangazwa. Mimi huifungua hiyo kwanza.