Maswali na Majibu: Hesabu ya Siku za Kupe

Mvua za kusini zimekolea, na barua nyingi za safari hii zinahusu kupe. Nimechagua zile zinazogusa uzazi na ukuaji wake, nami nitajibu zaidi kwa yale yanayoonekana maabarani, ambako siku za kupe zinahesabika bila kubahatisha.

Kupe jike hutaga mara ngapi, na mayai mangapi? (Mfugaji, Nachingwea)

Kupe wa kahawia wa masikioni hutaga mara moja, kisha hufa. Jike aliyeshiba akiwekwa ndani ya kichupa chenye joto la nyuzi 25 hivi na unyevu mwingi, hutulia kwa takriban juma moja, halafu hutaga mfululizo mayai yapatayo 3,000 hadi 5,000. Kila yai hupakwa nta na kiungo kilicho karibu na mdomo wake, na bila nta hiyo yai hunyauka. Ndiyo maana nawasihi wazazi wasiwaache watoto wawabandue kupe walionenepa na kuwatupa palepale zizini, kwa sababu aliyekwisha shiba hahitaji tena ng'ombe ili atage. Wachomeni moto, wala msiwapasue kwa vidole vitupu.

Nimeona kupe wadogo wenye miguu sita. Ni aina mpya? (Masasi)

Hapana, hao ni lava, yaani kupe waliotoka tu yaini; mguu wa saba na wa nane huja wakiwa nimfu, hatua iliyo kati ya lava na kupe mpevu.

Daktari, naogesha kila baada ya wiki mbili, mbona kupe hawatoweki? (Kilwa)

Swali hili hunifikia kila msimu, na kila mara mwulizaji hataji dawa aliyotumia, kipimo alichochanganya, wala kama jirani anayechunga naye pamoja huogesha. Maabarani kupe hulishwa juu ya sungura aliyefungiwa mifuko ya kitambaa masikioni, kwa hiyo muda wa kunyonya unajulikana: lava na nimfu huchukua siku chache tu, kwa kawaida chini ya juma, na jike mpevu hufikia siku saba hadi kumi. Lava na nimfu wakishashiba huanguka, hujivua ngozi ardhini kwa muda wa majuma, kisha hutafuta mnyama mwingine. Basi dawa yako ikipungua nguvu baada ya siku tatu au nne, jike anaweza kupanda, kushiba na kwenda kutaga kabla hujarudi joshoni. Wakati wa mvua ogesha kila wiki, na kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kwani dawa iliyozimuliwa ili kubana matumizi huua kupe dhaifu na kuwaachia sugu nafasi ya kuzaana. Nako kuwapaka mbuzi salfa ya mikorosho kukome. Ile ni ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho.

Tunasikia wataalamu hufuga kupe. Si wao wanaotuletea ndigana? (Liwale)

Uvumi huu unawagharimu wafugaji ndama wao. Vimelea vya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe uletwao na kupe wa masikioni, havipiti kutoka kwa jike kwenda kwenye mayai, hivyo lava wote huanguliwa wakiwa safi, na maabara hudumisha kizazi kisicho na ugonjwa kwa kukilisha juu ya sungura. Wanapotakiwa kupe wenye vimelea, nimfu hulishwa kwa makusudi juu ya ndama mgonjwa. Wakishakuwa wapevu hunyonyeshwa sungura kwa siku nne hivi ili vimelea vikomae katika tezi za mate, kisha husagwa na maji yao kugandishwa katika naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi kupita barafu. Hiyo ndiyo chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, na ambayo hutengenezwa Lilongwe, Malawi. Hudungwa pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini ya muda mrefu. Atakayekuletea chanjo hiyo ndani ya chupa ya barafu ya kawaida, mfukuze. Tena haikingi ndigana baridi, kukojoa damu wala maji moyo, kwa hiyo aliyechanja asiliache josho.

Jike anaweza kuzaa bila dume? (Newala)

Si hawa wa ng'ombe wetu. Kupe wa masikioni hupandana juu ya mnyama baada ya kunyonya kwa siku kadhaa, na jike aliyekosa dume hung'ang'ania muda mrefu bila kushiba sawasawa. Iko spishi ya Asia ya Mashariki, Haemaphysalis longicornis, ambayo baadhi ya majike wake huzaa peke yao.

Na papasi wa nyumba za udongo? (Mikindani)

Huyo naye ni jamii ya kupe, ila ana desturi nyingine kabisa. Hujificha katika nyufa, hunyonya usiku kwa muda usiofika saa moja, hupitia hatua kadhaa za nimfu, na jike hutaga mafungu madogo madogo kila baada ya mlo. Huvumilia njaa kwa miaka, na vijidudu vya homa ya papasi hupita hadi kwenye mayai, hivyo kuihama nyumba kwa msimu mmoja hakuisafishi. Zibeni nyufa, sakafuni na ukutani. Aliyelala humo akapata homa inayokwenda na kurudi, na kipimo cha malaria kisionyeshe kitu, amtajie mganga wa zahanati habari za papasi.