Kuchagua nyumba ya wazee Minnesota: soma ripoti kwanza, kisha nenda Jumapili jioni

Dada, nimesoma swali lako lote. Baba mkwe amepata kiharusi, upande wa kulia umelegea, anameza kwa shida, na ofisa ustawi wa hospitali hapo Minneapolis amewapa karatasi yenye majina ya nyumba za wazee mchague haraka. Unauliza utajuaje ipi ni nzuri. Waliotangulia kusema kwamba kumpeleka mzazi huko ni laana nawaheshimu, ila mtu asiyeweza kujigeuza kitandani anahitaji wa kumgeuza kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na nyote mnakwenda kazini. Tuendelee.

Nimefanya kazi ya CNA, yaani mhudumu msaidizi wa manesi, huku miaka mingi, mwanzo nikiwa mwajiriwa wa nyumba moja, baadaye kupitia wakala. Wakala anakupeleka palipopungukiwa watu, kwa hiyo nyumba nyingi nimeziona kwa ndani na katika siku zao mbaya. Kwa niliyoyaona, kitu cha kwanza cha kutafuta ni hiki: wahudumu wangapi wako kwenye korido wakati meneja yuko nyumbani kwake, na je, ni walewale waliokuwepo miezi sita iliyopita? Vidonda vya kulalia, kuanguka, kukonda, mzee kukaa na nepi iliyoloa, karibu vyote vinaanzia hapo.

Fungua Care Compare, tovuti ya Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani, hasa ya wazee), uandike jina la kila nyumba iliyo kwenye karatasi yenu. Utaona nyota, moja hadi tano. Usiishie kwenye nyota za jumla. Zinaanzia kwenye ukaguzi, kisha nyumba inaongezewa nyota moja ikiwa na nyota tano za wafanyakazi, na nyingine moja ikiwa na tano za vipimo vya ubora. Maana yake nyumba yenye ukaguzi wa wastani, nyota tatu, inaweza kuonekana mbele yako na tano. Na vile vipimo vya ubora, sehemu kubwa vinatokana na fomu ambazo manesi wa nyumba yenyewe wanajaza. Sisemi wote wanadanganya. Nasema mwanafunzi anajisahihishia mtihani, basi umsome hivyo.

Nyota za ukaguzi nazo zinalinganisha nyumba za jimbo moja tu: asilimia 10 za juu ndizo zinapata tano, asilimia 20 za chini zinapata moja. Kwa hiyo usilinganishe nyumba ya hapa na ile ya shemeji yako kule Texas.

Sehemu ninayoiamini zaidi ni ya wafanyakazi, kwa sababu saa zao zinatoka kwenye rekodi za mishahara. Angalia vitu viwili ambavyo watu wengi wanaviruka: saa za manesi siku za wikiendi, na asilimia ya wafanyakazi walioacha kazi ndani ya mwaka. Nyumba inayobadilisha zaidi ya nusu ya watu wake kila mwaka, mzee wako atavuliwa nguo na mgeni kila wiki. Hakuna atakayejua kwamba akinyamaza hivi kuna kitu kinamuuma, au kwamba chai anainywa kwa mkono wa kushoto.

Kisha fungua ripoti yenyewe ya ukaguzi, inaitwa fomu 2567. Iko hukohuko mtandaoni, na kila nyumba inatakiwa kuiweka mahali ambapo mgeni anaweza kuisoma bila kuomba. Kila kosa lina herufi, A mpaka L. Usitishwe na D na E za jikoni, za chakula kukosa tarehe na mengine ya namna hiyo. Ni nadra kukuta nyumba isiyo na hata moja. Ukifika G maana yake kuna mkazi aliyeumia kweli. J, K na L ni hatari ya papo kwa papo, hapo soma neno kwa neno. Soma pia malalamiko ya miaka mitatu iliyopita, kwa sababu ukaguzi wa kawaida, ingawa hautangazwi, una msimu wake. Sheria inataka usipite miezi 15 tangu ule uliotangulia, basi mwaka ukishatimia kila mtu jengoni anajua wakaguzi wa jimbo wanakaribia. Nimeshuhudia mameneja ambao sijawahi kuwaona wodini wakibeba sinia za chakula wiki hiyo. Malalamiko hayana msimu.

Ukiona alama ya mkono mwekundu pembeni ya jina, nyumba hiyo imeandikiwa kosa la unyanyasaji wa wakazi. Mimi ningepita.

Na kwa kuwa mko Minnesota mna bahati: jimbo lina kadi yake ya alama za nyumba za wazee, inayotumia mahojiano na wakazi wenyewe na maoni ya familia. Ile ya Medicare haina hicho kitu.

Zikibaki mbili au tatu, nenda ukaziangalie. Ziara ya Jumanne saa nne asubuhi na dada wa mapokezi mwenye tabasamu haina maana, utaonyeshwa chumba cha mazoezi na maua. Nenda Jumapili jioni, wakati wa chakula. Kaa kwenye ukumbi wa kulia, tazama. Wanaolishwa, je, anayewalisha amekaa nao macho kwa macho, au amesimama anapitisha kijiko huku anaongea na mwenzake? Sinia inaondolewa chakula kikiwa kimeliwa? Kwa mzee wenu hili ndilo kubwa kuliko yote, maana anayemeza kwa shida akilishwa haraka chakula kinaingia mapafuni, na hapo mtarudi hospitali na nimonia. Uliza mtaalamu wa kumeza na kuongea anakuja siku ngapi kwa wiki, na nani amefundishwa kumlisha siku asipokuwepo.

Ukitoka hapo pita kwenye korido polepole. Harufu ya mkojo kwenye mlango mmoja ni kawaida, mtu kajisaidia sasa hivi. Korido nzima ikinuka, au ikinuka marashi mpaka unakohoa, kuna jambo. Chungulia kwa heshima: kikombe cha maji na kitufe cha kuitia viko upande ambao mgonjwa anaweza kufika? Nimekuta mara nyingi kitufe kimefungwa upande uliopooza. Kucha, ndevu, soksi zinazofanana, hayo madogo yanakuambia kama mhudumu ana muda. Taa ikiwaka juu ya mlango, mgonjwa anaita; tazama saa yako uone anasubiri muda gani.

Halafu muulize CNA mwenyewe, bila meneja: leo una wazee wangapi? Wazee nane au tisa kwa zamu ya jioni anaweza kuwahudumia. Akikuambia kumi na tano, hata awe malaika hatamaliza. Majengo ya hapa yamejaa Wakenya, Waliberia, Wasomali na sisi Wabongo, huenda ukamkuta anayejua Kiswahili. Muulize: ungemleta mama yako hapa? Wengi watakujibu ukweli. Tafadhali usiende kumtaja kwa bosi wake.

Kuna la kwetu ambalo vipimo vyao havilioni. Mzee wa kibongo akiulizwa na nesi binti kama anaumwa, atasema hajambo, na kwenye kompyuta itaandikwa maumivu sifuri. Uliza kama wanaita mkalimani kwa simu, na utaje kabisa kwamba ni haki yake bila malipo, kwa kuwa nyumba inachukua fedha za serikali. Uliza kama kuna mhudumu wa kiume wa kumwogesha. Nilimhudumia mzee mmoja wa Afrika Mashariki aliyeandikwa kwamba "anakataa huduma" na mkorofi. Alipopewa kijana wa kiume alioga bila neno. Uliza pia kama mnaweza kuleta uji na mtori, umesagwa kwa kiwango ambacho mtaalamu wa kumeza ataruhusu.

Pesa nitasema kwa kifupi. Umesema ana Medicare ya kawaida. Hiyo inalipia nyumba ya wazee kama amelazwa rasmi hospitali siku tatu mfululizo, na siku za kuwekwa chini ya uangalizi hazihesabiwi, kwa hiyo ulizeni leo hii amesajiliwa vipi. Inalipa siku 20 za mwanzo zote, kisha mpaka ya 100 kuna sehemu yenu, na hizo 100 si ahadi, ni ukomo. Baada ya hapo ni mfukoni au Medical Assistance, bima ya jimbo ya wenye kipato kidogo, basi hakikisheni nyumba inaipokea na mzee atabaki palepale. Kwenye makaratasi ya kuingia, mumeo asisaini kama mdhamini wa deni kwa mali yake mwenyewe, hawaruhusiwi kumlazimisha. Ile karatasi ya kukubali migogoro isiende mahakamani nayo si sharti la kupokelewa, na ukishaisaini una siku 30 za kuifuta.

Mkishampeleka, nendeni kwa saa zisizotabirika. Sheria ya Minnesota tangu 2020 inawaruhusu pia kuweka kamera chumbani, mradi mzee mwenyewe akubali na mwenzake wa chumba akubali. Na jimbo lina ombudsman wa nyumba za wazee, yaani mtetezi wa wakazi, huduma yake ni bure. Mpigieni hata sasa, kabla ya kuchagua, mumuulize huwa anapokea malalamiko gani kuhusu nyumba hizo.

Hospitali wakiwasukuma mtoke kabla hamjawa tayari, tafuteni karatasi ya haki za mgonjwa wa Medicare mliyopewa. Ina namba ya kukatia rufaa, na mnapaswa kupiga si zaidi ya siku ileile aliyopangiwa kutoka. Wakati rufaa inasikilizwa anabaki kitandani bila kutozwa siku hizo, ukiacha zile gharama zake za kawaida.

Weka hapa majina ya nyumba zilizo kwenye orodha, usiweke la mzee. Nikitoka zamu ya usiku kesho nitazisoma ripoti za nyumba hizo.