Chawa wa vitabu huletwa na unyevu
Wale wadudu weupe wadogo wanaokimbia kwenye kurasa za vitabu sio watoto wa mchwa, ni chawa wa vitabu, hawaumi mtu, wanakula ukungu na gundi, kwa hiyo ukipuliza dawa unaua wa leo tu, unyevu ukibaki wanarudi. Hewa ikishuka chini ya unyevu wa 50% wanakauka wanakufa, ila kwa Dar hii hasa masika bila AC ni kazi kweli. Mimi nilisogeza kabati mbali na ukuta, nikafuta ukungu, vitabu vilivyozidiwa nikafunga kwenye nailoni nikaweka friza wiki nzima. Ukitoa usifungue nailoni mpaka baridi iishe kabisa, la sivyo kitabu kinalowa upya. Na jua kali usianike jamani, kurasa zinapauka.