Fundi Anajibu: Nati ya tairodi imegoma kabisa, nifanyeje?

Swali: Shikamoo fundi. Niko Tukuyu, nina gari ndogo ya Kijapani, tairodi ya kushoto (kile kiungo kinachosukuma tairi ukikata stelingi) imechoka, ukipita kwenye mashimo inagonga ko ko ko. Nimeshanunua mpya Mwanjelwa nikasema nifunge mwenyewe nyumbani ila ile nati inayobana tairodi na rodi yake haitoki, siku ya pili leo. Nimemwagia dizeli, nimeongezea bomba kwenye spana, nikavuta mpaka spana imeanza kula kona za nati. Na kule chini pini yake nayo haichomoki kwenye chuma. Nikate na gurudumu la kusagia au?

Jibu: Marahaba mwanangu, usikate kwanza. Nahisi siku mbili zote hizo ulikua unaikaza.

Hapo ndipo wengi tunapoliwa. Kaa mbele ya tairi uangalie kuelekea katikati ya gari. Ile nati haitoki nje kuja kwako, inarudi ndani kuelekea reki (boksi la stelingi), kwa hiyo ukiwa umekaa hapo inalegea kwa kuzungusha upande inaokwenda mishale ya saa, kinyume kabisa na mkono ulivyozoea. Tairodi yenyewe ndo inatoka kinyume cha saa. Hii ni kwa nyuzi za kawaida, na magari machache upande mmoja una nyuzi za kushoto (zinazozunguka kinyume), so piga brashi ya waya kwanza uziangalie nyuzi zinavyolala kabla hujaweka nguvu hata kidogo.

Alafu kuna suala la mpangilio. Watu wengi wanachomoa pini ya chini kwanza, baadae wanakuta tairodi inaning'inia inacheza, hakuna cha kuishikilia, nati unaipiga nayo inazunguka na rodi nzima mpaka raba ya mikunjo ya reki inajisokota na kuchanika. Anza na nati ya rodi tairodi ikiwa bado imefungwa chini, hapo gari lenyewe linakushikia. Spana moja kaza kwenye bapa za tairodi, nyingine kwenye nati, na zikae karibu karibu ili uzibane pamoja kwa viganja, sio kuvuta kwa mgongo. Ikilia tu ka, mpe robo mzunguko basi, usiisogeze zaidi, maana hapo ilipo ndo alama yako ya kurudishia. Mi huwa naongeza na chaki au rangi ya kucha, mke wangu ananielewa.

Kwa hizo kona zilizoliwa tumia spana ya ringi iliyopasuliwa kama zile za mipira ya breki, au koleo la kufunga, ila uweke mafuta ya kulegeza kutu usiku ukalale, asubuhi uongeze tena. Dizeli inasaidia ila pole pole. Nyundo ndo dawa, gonga gonga nati pande zote kabla ya kuvuta, kutu haipendi kutikiswa. Na nikuambie kwa nini huko kwenu kutu ni nyingi: Tukuyu mvua haiishi, alafu gari nyingi za mitumba zinatoka Japani, na zile zilizotembea kaskazini kwao kwenye barafu zimemwagiwa chumvi ya barabarani chini kote. Ukikagua gari kabla hujanunua lala chini uangalie, usiangalie bodi tu.

Sasa pini ya chini. Ile pini ni nyembamba upande wa nati, nene upande wa pili, imejikandamiza kwenye jicho la chuma (lile tundu inamopita pini) kama kabari, haishikwi na kutu peke yake. Toa kota pini (kile kipini cha waya kinachozuia nati isilegee), legeza nati mizunguko mitatu minne lakini USIITOE, iache hapo ili ikichomoka isikurukie usoni na nyuzi zisiharibike. Kisha usipige pini kwenye ncha yake upande wa nati, unaivimbisha kichwa tu. Piga lile jicho la chuma kwa pembeni, nyundo nzito, mapigo makali machache, na kama una nyundo ya pili iegemeze upande wa pili iwe kama fuawe. Jicho linalegea kidogo kidogo, mara unasikia pu, imeachia. Kama nati inazunguka na pini, kandamiza tairodi taratibu kuelekea ndani ya jicho, kabari itaishika.

Ile uma ya kupigia kwa nyundo naionea huruma raba, inazichana, tumia kama tairodi ni ya kutupa. Pula ya skrubu (kifaa kinachosukuma pini itoke ukikaza skrubu yake) ni nzuri zaidi, wapo mafundi Uyole wanaazima.

Na tafadhali, gari isikae juu ya jeki peke yake. Huko kwenu uwanja ni mteremko, weka stendi, ziba tairi za nyuma kwa mawe makubwa, na ukipiga nyundo usiwe umelala chini. Hapo sitanii.

Unapotoa tairodi hesabu mizunguko hadi itoke kabisa, mpya iingie idadi hiyo hiyo, au pima urefu kutoka katikati ya pini ya zamani hadi kwenye nati ya rodi. Kota pini weka mpya, na kama tundu halijakutana na nati, ongeza kukaza kidogo, usirudishe nyuma.

Swali: Mi dada wa Mafinga, fundi wangu kabadilisha tairodi wiki iliyopita, sasa stelingi imekaa upande na tairi za mbele zinakwisha upande wa ndani. Amenipiga?

Jibu: Sidhani, ila kazi haijaisha dada yangu. Tairi zimefunguka mbele kidogo, ndo maana zinakwisha kwa ndani, zingebana mbele zingekwisha kwa nje. Huo ni urefu wa tairodi, zipelekwe kwenye mashine ya alaimenti (ya kunyoosha tairi), na mwambie fundi aangalie pia stelingi imekaa katikati kabla hajapima. Fanya hivyo kabla ya safari ndefu, na kama unashuka Kitonga na gari hilo fanya LEO, huwezi kuteremka mlima ule tairi zikivutana.

Swali: Kutoka Igawilo, je pini ya tairodi ikigoma naweza kuchoma kwa gesi?

Jibu: Unaweza lakini uwe na akili. Choma lile jicho la chuma tu, na tu kama tairodi inatupwa, maana raba na grisi ndani vinaungua. Usimwagie mafuta ya kulegeza alafu ukachoma hapo hapo, yatawaka. Mpira wa breki ufunge na kitambaa kibichi mbali na moto. Rodi ya ndani usiichome kabisa, ikipata moto inapoteza ugumu wake na huyo ndo anayeshika tairi lako. Mi mwenyewe nyundo mbili zikishindwa ndo nafikiria gesi, na mara nyingi hazishindwi.