Mpapai wangu maua kibao, matunda hamna

SWALI: Shikamoo mtaalamu, nina mpapai nyuma ya nyumba hapa Tanga, unatoa maua kila siku ila papai hata moja sijaona, jirani ananiambia nipigilie msumari, ni kweli? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Msumari achana nao, utauozesha mti bure. Cheki maua, kama yananing'inia kwenye vikonyo virefu basi huo ni dume, ndo maana hauzai. Jike maua yake yamekaa palepale kwenye shina. Ukipanda tena weka miche mitatu shimo moja, ikitoa maua ndo ung'oe madume, ila bakiza moja kwa majike kama kumi hivi, maana chavua inatoka huko na nondo wa usiku ndo wanaibeba. Na papai likianza tu unjano chuma, popo hawanaga subira!