Ile "ku" yetu ndo inatuponza: to au -ing?

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko Iringa, najifunza kazi ya kutembeza watalii Ruaha. Juzi nimemwandikia mgeni "I enjoy to show people the park", bosi akafuta akaweka showing. Ila "I want to show you" akaiacha. Kwa nini?

Jibu: Marahaba, kamwene. Bosi yuko sahihi ila angekuelezea kidogo. Sisi tunasema nafurahia kuonyesha, nataka kuonyesha, nimemaliza kuonyesha, yani ku ni moja inabeba mizigo yote, sasa ukihamia Kiingereza kichwa kinakwambia ku ni to basi unaibandika kila mahali. Kumbe kule kitenzi cha kwanza ndo kinachagua. Enjoy, finish, avoid, keep, suggest zinataka -ing. Want, decide, hope, promise, refuse zinataka to. Like na start hazina neno, weka yoyote.

Utasikia watu wanasema to ni ya jambo ambalo bado halijafanyika. Inasaidia, ila usiiamini sana, mana suggest ni jambo la mbele na bado tunasema "I suggest going early". Mi nawaambia wanafunzi wangu hapa Mbeya kariri kitenzi na mwenzake, usikariri enjoy peke yake, kariri enjoy doing.

Sasa pa kuwa makini ni stop. Mmetoka Mbeya mjini mnakuja huko kwenu, mmefika Uyole. "We stopped to buy potatoes" maana yake gari ilisimama mkanunua, gunia liko kwenye buti. "We stopped buying potatoes" mmeacha kabisa, hamnunui tena, labda kuna mtu aliwawekea vizuri juu na vibovu chini (mimi yashanikuta). Remember nayo hivyohivyo: "remember to lock the gate" ni usisahau kufunga, "I remember locking the gate" nilishafunga na picha ninayo kichwani. Kwetu zote ni kukumbuka kufunga tu.

Afu kuna mtego mmoja, look forward to. Hiyo to siyo ya ku, ni kihusishi, na kihusishi kinafuatwa na -ing: "I look forward to meeting you". Fungua meseji ulizowatumia wageni, nahisi utakuta umeandika to meet kwenye mstari wa mwisho wa kila moja.