Tamoksifeni hailishi saratani ya mama

Dada, pole sana kwa kuuguza. Umesema mama ameandikiwa tamoksifeni kwa miaka 5, na jirani anamshauri aiache kwa sababu eti ni homoni inayolisha saratani ya titi. Tafadhali asiiache.

Seli nyingi za saratani ya matiti zina vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike. Chukulia kipokezi ni tundu la kufuli: estrojeni ikiingia, seli inapata amri ya kugawanyika. Estrojeni za kutengenezwa, kama zile za baadhi ya vidonge vya majira, nazo hulifungua. Tamoksifeni huingia tunduni ikakaa humo bila kufungua, estrojeni ikakosa pa kupita. Tazameni majibu ya kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe kikapimwa; yataonyesha kama vipokezi vipo. Visipokuwepo, dawa hii haimsaidii.

Jirani hakukosea yote, maana kwenye mfuko wa uzazi tamoksifeni hufanya kazi kama estrojeni. Mama ameshakoma hedhi, kwa hiyo akiona damu, hata doa moja kwenye kanga, mpelekeni kliniki haraka. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, msingoje kesho. Huenda damu imeganda. Joto la ghafla usiku linachosha mno, najua, lakini amweleze daktari kabla hajaruka hata kidonge kimoja.